Shika Kulia

Mguu wake wa kulia ulijulikana mtaani kuliko uso wake. Ukipita mbele ya gereji ungeuona kupitia mlango wa gari ulioachwa wazi: kandambili ya kijani, kisigino kimetua sakafuni, vidole juu ya pedeli ya breki, umetulia ukingoja amri. Amri ilitoka kwenye gurudumu, kwa sauti ya mumewe. "Piga. Piga. Piga. Shika!" Hilo la mwisho lilivuka barabara mpaka kwa mshona viatu, nalo ndilo lililompa mwanamke huyu jina. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Shika, naye aliitika.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuivumilia. Breki za gari husukumwa na mafuta yaliyojaa kwenye vipaipu. Ukikanyaga, mafuta yanasukuma na gurudumu linabanwa. Ukifungua kitu chochote humo, upepo unaingia, na upepo hausukumi mtu, unajikunja tu. Pedeli inakuwa laini, mguu unazama, gari halisimami. Basi upepo lazima utolewe, na kuutoa kunataka watu wawili. Mmoja anapiga pedeli kisha anaishikilia; mwingine anafungua skrubu ndogo kwenye gurudumu, upepo unatoka pamoja na mafuta, halafu anaifunga kabla mwenzake hajaachia. Akiachia mapema, upepo unarudi, na mnaanza upya mkiangaliana vibaya.

Kazi hii Mama Shika hakuiomba. Alikuwa na wiki tatu tu za ndoa pale mumewe, fundi wa gereji ile, alipoingia jikoni na mikono yake ya grisi, akasema aliyekuwa akimkanyagia pedeli ameacha kazi, na kama mkewe angeweza kuja dakika tano. Dakika tano hizo zilikuwa zimefikia miaka kumi na tisa. Katikati yake alizaa mapacha, akawalea, akawapeleka shule, na kila fundi alipoita alikwenda akakaa. Mguu ukajifunza. Uliweza kumwambia kama upepo uko mbele au nyuma ya gari, kama ni mwingi au ni kipovu kimoja tu kilichojificha. Fundi alikuwa akitamba kwa wateja kwamba mguu wa mkewe hauwezi kununuliwa dukani. Alitamba, ndiyo, lakini kuuliza mguu huo una maoni gani hakuwahi.

Ajabu ni kwamba huyu aliyekalia viti vya madereva kuliko madereva wenyewe hakuwa na leseni. Magari aliyoyakalia yote yalikuwa juu ya jeki. Hakuwahi hata siku moja kulitoa gari nje ya geti la gereji, mpaka mwaka huu, mwalimu mkuu wa chekechea ya mtaa wa pili alipopata gari la kuwachukulia watoto. Mwalimu hakutaka dereva wa mbwembwe. Alitaka mtu mzima mwenye mguu mtulivu, na mguu mtulivu mtaa mzima uliujua ulipo. Alimwambia Mama Shika kazi ni yake, alete leseni tu, muhula mpya ukifunguliwa awe kwenye usukani.

Mama Shika aliitaka kazi ile mpaka akawa anaiota. Alijifunza kwenye kigari chao cha bluu, fundi kando yake na mama mkwe kiti cha nyuma na kitabu cha alama za barabarani. Mama mkwe alikuwa na miaka sitini na tatu na alijipa cheo cha mwalimu bila kuombwa. Alimuuliza mkwewe maswali wakati wa kupika, wakati wa kufua, mara moja hata kupitia mlango wa bafu. Mwisho wote wawili walikijua kitabu kile kwa kichwa.

Miezi mitatu nyuma Mama Shika alikwenda kufanya mtihani wa kuendesha. Aliwasha gari vizuri, akatoka vizuri, akabadilisha gia kwa utulivu uliomfanya mtahini ajiegemeze kitini. Walipokaribia njia panda, mtahini akasema, kama alivyowaambia mamia ya watu kabla yake, "Shika kulia."

Maskini, alimaanisha apinde kulia. Lakini mguu ulisikia "shika" na neno "kulia" haukulingoja. Ulikanyaga breki mpaka mwisho na kuishikilia, kama ulivyofundishwa, na ukabaki hapo ukingoja kuambiwa achia. Gari lilisimama katikati ya njia panda. Kofia ya mtahini ilimtoka kichwani ikapiga kioo cha mbele. Nyuma yao honi zikalia, naye Mama Shika hawezi kuuinua mguu, kwa kuwa hakuna aliyesema achia. Alifeli hapohapo. Mtaani walicheka wiki nzima, na wala siwalaumu; hata yeye alicheka, siku ya nne. Lakini alilia kwanza.

Mtahini huja mji huo mara moja kila miezi mitatu. Siku hii ninayoisimulia alikuwa amekuja tena, ilikuwa Ijumaa, na mtihani ulikuwa saa nane mchana. Akifeli leo, Jumatatu muhula unafunguliwa, na gari la chekechea litaendeshwa na mtu mwingine.

Sasa kwa nini mtu mwenye akili zake abadilishe breki asubuhi ya siku kama hiyo? Ni kwa sababu ya mapenzi. Jioni iliyotangulia kalipa za mbele, yale makucha ya chuma yanayobana diski, zilianza kung'ang'ania na kupiga kelele, na fundi aliapa mke wake haendi mbele ya mtahini na gari linalolia kama mlango mbovu. Yeye mwenyewe alikuwa chini ya lori, kwa hiyo alimtuma mama yake kwa muuza vipuri. Mama mkwe alirudi na kalipa mbili zilizofungwa kwenye magazeti, kila moja ameibandika karatasi na kuandika kwa mwandiko wake mkubwa: KULIA, KUSHOTO. Saa moja asubuhi fundi aliinua gari, saa mbili na nusu kalipa zote mbili zilikuwa zimekaa, na akamwita mkewe aje atoe upepo, kazi ya nusu saa.

Saa tano walikuwa bado wanatoa upepo.

"Piga. Piga. Piga. Shika." Mguu unashika. "Achia." Mara ya kwanza pedeli ilizama mpaka chini. Mara ya pili ilizama mpaka chini. Ukiipiga haraka haraka mara tatu nne ilipanda kidogo, kisha ukiiacha ikapumzika ililegea tena. Walizunguka magurudumu yote manne, wakaanza na la mbali kama inavyotakiwa, wakarudia, wakarudia tena. Mama mkwe alisimama mbele, boneti iko juu, akiongeza mafuta kwenye kikopo ili yasiishe yakaingiza upepo mwingine. Chupa mbili ziliisha. Mara moja fundi alitaka kurudisha mafuta yaleyale yaliyotoka, yenye uchafu na mapovu, na Mama Shika akamwambia akithubutu atalala gereji.

Fundi alianza kuzunguka gari kwa hatua fupi, na hiyo ilikuwa dalili mbaya. Alisema ni masta silinda, ile pampu kubwa ya breki iliyo mbele ya dereva. Imekufa, mipira yake imechoka, lazima ifunguliwe. Akatamka na muda: akiharakisha, jioni itakuwa tayari.

Moyo wa Mama Shika ulishuka kuliko pedeli. Jioni mtahini atakuwa ameshafunga mafaili yake na kwenda zake. Lakini chini ya ile hofu kulikuwa na kitu kingine, na kilikuwa kwenye unyayo. Masta silinda ikifa, pedeli huzama polepole hata ukiishikilia. Hii, ukishaipiga ikapanda, haikuzama ukiishikilia. Ilidunda. Alipofumba macho, mguu ulimwambia wazi kabisa: upepo huu uko mbele, pande zote mbili, tena uko juu.

"Si masta silinda," alisema. "Ni upepo. Uko kwenye kalipa."

Fundi alimjibu kwamba ametoa upepo kwenye kalipa hizo mara tano, na kwamba mguu hauna macho.

"Basi nipe zamu ya macho. Kaa wewe ukanyage, niende kwenye gurudumu."

Mama mkwe aliacha kumimina mafuta. Katika gereji ile jambo hilo halikuwahi kutamkwa. Fundi alifungua kinywa, akamtazama mama yake kutafuta msaada, na mama yake akatazama kikopo cha mafuta. Fundi akavua viatu, sijui kwa nini, akaingia kwenye kiti cha dereva. Magoti yake yaligonga usukani.

Mama Shika alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa hatua mbili kutoka hapo bila kupatazama. Aliiona kalipa, akauona mpira wa paipu umejipinda kidogo kuliko inavyopendeza, kisha akaitafuta skrubu ya upepo. Hakuiona. Aliinamisha kichwa mpaka shavu likakaribia sakafu, na hapo akaiona, chini kabisa, inatazama ardhi.

Baba yake alikuwa mwashi. Akiwa mdogo alikuwa akichezea pimamaji ya baba yake, ile yenye kipovu ndani ya kioo, akiigeuza huku na huku kujaribu kukifanya kipovu kikae chini. Hakikukubali kamwe. Uigeuze utakavyo, kinapanda juu.

Mama Shika alicheka kwa sauti, pale chini, peke yake, na fundi akauliza kuna nini. Alimwambia atoke aje aone. Upepo umekaa juu ya kalipa unapumzika, alimwambia, na sisi tangu asubuhi tunaufungulia mlango wa chini. Tunatoa mafuta tu. Fundi alichuchumaa, akatazama, akaenda gurudumu la pili akatazama.

"Kalipa zimebadilishana upande," alisema. "Mama, uliandika nini kwenye karatasi?"

Mama mkwe alisema aliandika alichoambiwa dukani, kulia na kushoto, na anajua kusoma na kuandika tangu kabla mwanawe hajazaliwa. Fundi akasema naye alifunga hivyohivyo, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto. Alisimama mbele ya gari akilitazama, akanyoosha mkono wa kulia kuonyesha.

"Kulia kwa nani?" aliuliza Mama Shika.

Hapo ndipo wote watatu walipoelewa. Fundi hufanya kazi amelikabili gari uso kwa uso, na kulia kwake ni kushoto kwa gari. Mkewe hukaa ndani, na kulia kwake ni kulia kwa gari. Mwaka wa kwanza wa ndoa walikuwa wamegombana juu ya jambo hilo mpaka wakanyimana salamu, na tangu hapo maneno hayo mawili yalipigwa marufuku kwenye gereji: kulikuwa na upande wako, yaani wa dereva, na upande wa abiria, basi. Ila hakuna aliyekumbuka kumweleza mama mkwe sheria hiyo. Yeye alikuwa amekisoma kitabu cha barabarani, na kitabu kinasema kulia ni kulia kwa dereva. Aliandika sawasawa kabisa. Alikaa kwenye kigoda chake akakunja mikono na kusema hataki kuombwa radhi kwa maneno, anataka chai.

Chai ilibidi ingoje. Ilikuwa saa sita kasorobo. Fundi alifungua kalipa zote mbili, akazibadilisha, akaweka washa mpya, vile vipete vya kuzuia mafuta yasivuje, kwenye paipu, na safari hii mipira ilikaa bila kujipinda. Mama mkwe alikwenda kununua mafuta ya breki akarudi ameshika viatu mkononi kwa mbio. Skrubu sasa zilikuwa juu, zinatazama mbingu. Fundi alichukua spana, akaelekea gurudumuni kwa mazoea, na mkewe akamwonyesha kiti.

"Rudi. Nataka kuutoa mwenyewe."

Akafunga kipaipu kwenye skrubu, mwisho wa pili akautumbukiza ndani ya chupa. Akavuta pumzi.

"Piga. Piga. Piga. Shika!"

Mshona viatu ng'ambo ya barabara aliinua kichwa, maana sauti ilikuwa nyingine. Ndani ya gari fundi alishika. Mama Shika akalegeza skrubu, na vipovu vikatoka kwenye kipaipu vikikimbizana, vingi, vinene, vyeupe, asubuhi nzima ya vipovu, na furaha ikampanda. Kisha vipovu vikarudi nyuma. Fundi alikuwa ameachia.

"Nimesema achia?"

Fundi alisema alidhani imetosha. Mkewe akamwambia hapo hakai kwa ajili ya kudhani, anakaa kushika mpaka aambiwe. Wakarudia. Mara ya nne mguu wa fundi ulianza kumtetemeka pajani, akaomba apumzike kidogo, na akanyimwa. Mara ya saba alikuwa amejifunza: neno likitoka, mguu unakwenda, bila kupitia kichwani. Wakahamia upande wa pili. Vipovu vilipungua, vikawa kimoja kimoja, kisha mafuta yakatoka masafi, matulivu, bila kitu.

"Achia," alisema Mama Shika. "Sasa piga mara moja tu, uniambie."

Fundi alikanyaga. Akakanyaga tena. "Ngumu kama jiwe," alisema, halafu, kwa sauti ya chini ambayo mkewe hakuwa ameizoea, "Miaka kumi na tisa umekaa hapa unafanya hivi? Mbona hukuniambia mguu unauma?"

"Hukuuliza."

Fundi alishuka akachukua kitambaa, akamfuta mkewe grisi shavuni, akazidisha kumpaka.

Walifunga magurudumu. Mama Shika aliliendesha gari uani mbele na nyuma, polepole, akikanyaga breki mara kumi na tano ili pedi mpya za kalipa zizoee diski, na kila mara gari lilisimama pale alipoliambia. Saa nane kasoro dakika kumi waliingia kwenye uwanja wa mtihani.

Mtahini alikuwa yuleyule. Alimtazama Mama Shika, akalitazama gari la bluu, akavua kofia yake akaiweka magotini na kuishikilia kwa mikono miwili. Utaratibu wa pale ulimruhusu mwenye gari kukaa kiti cha nyuma mradi afunge mdomo, na fundi alikaa nyuma, mdomo ameufunga, jasho linamtiririka. Mama Shika aliwasha. Walitoka. Walipita sokoni, wakapanda kilima, mtahini akamwambia asimame ghafla, naye akakanyaga. Pedeli ilimpokea juu kabisa. Gari lilitua limenyooka, kofia haikusogea.

Kisha njia panda ikaonekana. Ile ile. Mama Shika alimwona mtahini kwa pembe ya jicho akiikaza kofia, akajua neno linakuja, na hakujua mguu wake utafanya nini.

"Shika kulia," alisema mtahini.

Sakafu ya gari ililia puu! Kishindo cha mguu uliokanyagwa kwa nguvu zote. Lakini gari liliendelea, taa ya kulia ikawaka, usukani ukazunguka, na Mama Shika akaingia barabara ya kulia kwa upole kama mtu anayekunja shuka. Mguu wake haukutikisika. Kishindo kilitoka nyuma.

Mtahini aligeuka polepole. Fundi alikuwa amekaza mguu sakafuni, goti limenyooka, meno ameyauma, anashika.

"Wewe huko nyuma unakanyaga nini?"

Fundi alijitahidi kutozungumza, kwa kuwa sharti lilikuwa afunge mdomo. Mkewe ndiye aliyemtazama kwenye kioo na kusema, "Achia, fundi." Goti likalegea. Mtahini akamtazama mume, akamtazama mke, akaamua hataki kujua.

Waliporudi uwanjani aliandika muda mrefu. Akachana karatasi, akamnyooshea Mama Shika.

"Umefaulu, mama. Shika."

Akaishika, kwa mikono miwili. Nyuma ya kiti chake kishindo kikasikika tena, safari hii kidogo, cha aibu.

Aliendesha mwenyewe mpaka nyumbani. Njiani furaha ilikuwa nyingi mno ndani ya kigari kile kiasi kwamba alishusha kioo. Mama mkwe alikuwa getini, amekalia kigoda, kitabu cha alama kimefungwa mapajani. Mama Shika alitoa karatasi dirishani bila kuzima gari. Mama mkwe aliisoma mpaka sahihi ya chini, akaibusu, ndipo akasikia mtu anavuta kamasi. Aliinama akachungulia kiti cha nyuma, akamkuta mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, anajifuta macho kwa kitambaa cha gereji.

"Na huku kulia ni kwa nani?" aliuliza.

"Kwangu, mama," alisema fundi. "Leo ni kulia kwangu."

Mama Shika alipiga honi, na mama mkwe akasogeza kigoda ili gari lipite.